Mizigo Aliyoifungasha Bibi



Kila inapokaribia likizo ya Juni, wasomaji wa ukurasa huu hutuandikia kuuliza juu ya safari. Mwaka huu maswali mengi yanahusu Karatu na Ngorongoro, na waulizaji ni watu wa pwani: Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, pamoja na ndugu zetu wa Maskati wanaokuja kuwatazama wazee wao na kuwaonesha watoto wanyama. Karibu wote wana dhana moja. Tanzania ni nchi ya joto, wanasema, basi nguo nyepesi zatosha.

Dhana hiyo tulikuwa nayo sisi pia, na tuliilipia. Kwa hiyo, badala ya kuwapangia orodha ya vitu, tumeona heri tuwasimulie safari zetu mbili: ya kwanza tuliyofungasha sisi, na ya pili aliyofungasha Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa mmoja wetu. Umri wake umepita miaka sabini, na kwa muda mrefu alikuwa na haja ya kuiona kreta ya Ngorongoro kwa macho yake. Juni ya mwaka juzi tukamchukua, sisi wawili na watoto watatu, mdogo wao akiwa hajatimiza miaka miwili. Kutoka Tanga hadi Arusha ni mwendo wa siku nzima. Kesho yake tukakodi gari lenye paa la kufunguka, na dereva mwenyeji wa Karatu. Kijana yule alipoiona mizigo yetu alisimama kwanza akaihesabu. Mabegi kumi na moja. Moja lilikuwa la viatu peke yake.

Tulilala Karatu. Alfajiri umeme ulikuwa umekatika na maji ya bomba yalikuwa kama yametoka kwenye barafu. Bibi aliyatawadha hayo hayo, akaswali, akapanda garini na gauni lake la pamba, baibui jepesi na makubazi, miguu mitupu. Hakulalamika. Tulipovuka lango la Lodoare na kuanza kupanda msituni, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa saa moja asubuhi. Tukafika mahali pa kutazamia kreta, tukashuka, na mbele yetu hapakuwa na kitu ila weupe mtupu na upepo. Hapo ndipo tulipomtazama Bibi. Meno yalikuwa yakigongana, na vidole vyake havikuweza kushika tasbihi.

Tuliyafungua mabegi yote kumi na moja kando ya barabara. Tukatoa mabaibui matatu ya kwendea harusini, suti ya Idi ya mtoto, taulo nne kubwa, na kopo zima la visheti. Sweta haikuwamo hata moja. Dereva akavuta blanketi lake kutoka chini ya kiti.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Jifunike. Huku si Tanga."

"Marahaba, mwanangu. Allah akuzidishie," Bibi akajibu, na sauti ilikuwa ya kutetemeka.

Tukageuza gari. Ada zilikwisha kulipwa, watoto wakalia njia nzima. Bibi alilala na homa ya kifua kwa siku mbili mjini Karatu, kisha tukarudi Tanga bila yeye kuiona kreta. Hakutulaumu. Alisema neno moja tu tulipokuwa tukishusha mabegi uani: "Nikipewa uhai, safari ijayo nitafungasha mimi."

Watu wa pwani tumezoea kuhesabu joto kwa ramani. Tunaona kuwa Karatu iko karibu na ikweta kuliko Dar es Salaam, tukadhani joto lake litakuwa kubwa zaidi. Lakini lenye nguvu zaidi ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita. Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500, na ukingo wa kreta uko kiasi cha mita 2,300. Ikiwa mchana wa Tanga ni nyuzi 30, pale ukingoni tarajia nyuzi 15 au 16, na hapo hatujauhesabu ukungu wala upepo. Usiku wa Juni, Julai na Agosti baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Halafu barabara hushuka tena takriban mita 600 hadi sakafu ya kreta, na ikifika saa sita mchana jua la huko huchoma ngozi. Mtu hupita kipupwe na kiangazi kabla ya Adhuhuri. Hali hiyo haidai mabegi mengi. Inadai nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine, ambazo mtu anaweza kuzivua na kuzivaa akiwa amekaa garini.

Juni iliyopita Bibi alitandika mkeka ukumbini na kuamuru kila mtu alete alichotaka kwenda nacho. Akakaa kwenye kiti chake cha uvivu, akawa anauliza swali moja kwa kila kitu: "Hiki utakitumia mara ngapi?" Kilichojibiwa "mara moja" kilirudi kabatini. Kilichojibiwa "huenda" kilirudi pia. Binti yetu mkubwa alitetea jozi ya nne ya viatu kwa hoja ambazo wakili angejivunia, lakini hakufua dafu. Mwisho kila mtu alibaki na begi moja laini la kubebwa begani, na vyombo vya chakula vikawa katika kikapu kimoja cha ukindu. Begi laini lina faida yake. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki nyuma ya gari la safari, na wale wanaokwenda kwa ndege ndogo hadi kiwanja cha Manyara huambiwa wasizidishe kilo 15, tena katika begi laini.

Kanga alizikubali bila kuuliza, doti tatu. Tulizihesabia kazi zake njiani tukafika kumi kabla hatujafika Mto wa Mbu: ushungi wa akiba, shuka, pazia la dirisha jua linapopiga, kitambaa cha kuziba pua vumbi linapotimka, taulo, mbeleko, kifuniko cha chakula, msala, mto wa kulalia ukikunjwa, na stara ya mama anayenyonyesha. Wale wanaouza vifaa vya safari vya bei kubwa hawajabuni kitu cha kushinda kanga.

Sweta hatukununua mpya. Pwani kuna jambo la ajabu kidogo: katika mitumba yetu, sweta nzito na makoti ya sufu hukaa chini ya rundo na huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayezitaka. Tulipata sita, pamoja na mizula ya watoto, kwa fedha ndogo kuliko bei ya koti moja la dukani. Bibi alizifua mara mbili na kuzianika juani siku nzima. Tahadhari moja katika mitumba: msichukue suruali wala jaketi zenye mabaka ya kijeshi, hata za watoto. Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuvaa kinachofanana na sare za jeshi, na haijali kwamba mvaaji ana miaka minane.

Juu ya rangi, akina mama wametuuliza sana kuhusu baibui jeusi. Ndani ya kreta tatizo lake ni vumbi, ambalo huonekana upesi mno. Lakini anayepanga kupitia Tarangire afahamu kwamba mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu, hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Bibi alijishonea baibui la kahawia, lisilofika chini kabisa, na suruali pana ndani yake. Ngazi ya gari la safari iko juu, na baibui linaloburura limeshawaangusha wengi. Stara haikupungua hata kidogo.

Sasa tuje kwenye ibada, maana hapa ndipo mfungashaji wa Kiislamu anapotofautiana na wasafiri wengine.

Bibi aliweka juu ya mkeka vitu vitatu ambavyo sisi hatukuvifikiria mara ya kwanza. Cha kwanza ni khuffu, yaani soksi za ngozi. Alikuwa nazo tangu alipokwenda Hijja, zimekunjwa ndani ya mtoto wa meza. Mwenye kuzivaa akiwa na twahara kamili ana ruhusa ya kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu kila anapotawadha, siku moja na usiku wake kwa mkazi, siku tatu na usiku wake kwa msafiri. Masharti yake mengine muulizeni sheikh wenu, na hasa msidhani kwamba soksi yoyote nyepesi ya pamba hufaa, kwa kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi'i haifai. Kwa mzee anayeamka alfajiri Karatu, ruhusa hii ni rehema kubwa.

Cha pili ni chupa ya chai, tena haikuwa ya chai. Usiku aliijaza maji ya moto, na alfajiri akayachanganya na ya baridi. Baridi peke yake haimruhusu mtu kutayamamu ikiwa maji yanaweza kupashwa moto bila madhara, na chupa ya chai huondoa udhuru huo mapema kabla haujazaliwa.

Cha tatu kilikuwa dumu la mafuta ya kula la lita tano, lililooshwa vizuri. Mtoto akacheka: "Bibi, lita tano kwa watu wote?" Bibi akamuuliza kama anajua kibaba. Mtoto hakujua, watoto wa siku hizi wanaijua pishi ya zakatul-fitri tu, nayo mara moja kwa mwaka. Akamweleza kuwa imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nacho ndicho kibaba, na kuoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, au kuzidi kidogo. Kibaba hakizidi robo tatu ya lita. Watu watano wenye kutawadha ni chini ya lita nne, na inayobaki ni ya kunawa. Kila mmoja akajaribu uani kwa kopo la kibaba siku mbili kabla ya safari. Mmoja wetu, ambaye kwa haya hatamtaja, alimaliza maji kabla hajafika miguuni.

Kwa Karatu hesabu hii ina uzito wake. Chemchemi nyingi zinazotegemewa na wilaya ile hutoka katika msitu wa nyanda za juu, uleule unaopitwa baada ya Lodoare, ambao hunasa ukungu na mvua. Chini yake mashambani utaona punda wakibeba madumu mwendo mrefu. Mgeni anayefungua bomba la hoteli likatiririka wakati anapiga mswaki anakunywa sehemu ya mwenzake.

Kuhusu chakula, tulibeba mikate ya mofa, mayai ya kuchemsha, tende, na sambusa za nyama, vyote katika makopo yenye vifuniko na hotipoti. Ndizi tulinunua Mto wa Mbu, na hazikuhitaji mfuko, kikapu kilikuwapo. Wasomaji wa nje ya nchi wakumbuke kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyokuwa tukiiita rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara kuingizwa, kuuzwa na kutumiwa, na wageni hawakusamehewa. Wa Mombasa wana mazoea, kwani Kenya ilitangulia mnamo Agosti 2017. Ndugu zetu wa Maskati ndio hushuka uwanja wa ndege na manukato na halua vikiwa ndani ya mifuko ya dukani. Ihamishieni ndani ya sanduku kabla ya kuondoka nyumbani.

Ubaya wa plastiki pale Ngorongoro haukai katika vitabu vya sheria tu. Langoni Lodoare kuna nyani ambao wameshajifunza kwamba binadamu ni kabati la chakula. Huingia katika gari lililoachwa wazi, hukamata mfuko wowote unaonukia, na huondoka nao msituni, ukiwamo mfuko wenyewe. Chini kwenye kreta kazi hiyo hufanywa na mwewe. Ngoitokitok, penye chemchemi na bwawa la viboko, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wageni huruhusiwa kushuka garini. Kijana wetu wa kati alishuka na sambusa mkononi licha ya kuonywa. Mwewe alikuja kutoka nyuma, na sambusa ikaenda pamoja na alama nyekundu ya kucha kidoleni. Baada ya hapo tulikula ndani, vioo vimefungwa.

Kwa mama mwenye mtoto mdogo: nepi za kitambaa, dazeni moja, na kopo kubwa lenye kifuniko kikazi cha kutunzia zilizotumika. Tunajua ni usumbufu. Lakini nepi za kutupwa zikishaingia eneo lile ni lazima mtu azitoe, na mtu huyo awe wewe. Binti yetu aliyebalehe naye tulimwekea mfuko wake wa kitambaa wenye kila alichohitaji kwenda na kurudi nacho. Na kopo la chooni msiliache nyumbani kwa kuona aibu. Vyoo vipo mahali pa kupumzikia, ila maji ya kujisafishia si ya kutegemea.

Swala yenyewe inataka kupangwa kama mizigo inavyopangwa. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa kumi na mbili jioni magari yote yawe yameshatoka kwenye kreta. Adhuhuri na Alasiri, basi, humkuta mtu chini, mahali ambapo haruhusiwi kushuka garini kila anapotaka. Simba na nyati hawasubiri mtu atoe salamu. Sisi tulitawadha ukingoni, tukashuka na dumu letu, na tulipofika Ngoitokitok tukakusuru na kujumuisha. Kibla kutoka huko ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki kidogo. Jifunzeni kuitambua kwa jua kabla ya kushuka, kwa kuwa simu huweza kukosa mtandao. Mkeka mdogo ni bora kuliko msala wa manyoya, ambao hubeba kila mwiba na kila mbegu ya nyasi na kuzipeleka hadi Tanga.

Ukungu siku hiyo ulichelewa lakini uliondoka. Bibi alikuwa na sweta mbili, mzula chini ya ushungi, na khuffu miguuni. Alisimama ukingoni kwa muda mrefu, na kreta yote ikamfunukia, kilomita za mraba zipatazo 260, ziwa likimetameta katikati na nyumbu kama punje za ufuta. Alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, kisha akataka darubini. Mafuta ya nazi aliyoyafungasha yeye yalituponya midomo sote, dereva akiwamo, maana hewa ya huko hupasua midomo kwa siku moja.

Jambo moja tulilipinga sisi na Bibi akakubali. Alitaka kubeba mfuko wa pipi kwa ajili ya watoto wa Kimaasai watakaoonekana barabarani. Nia ni njema, na wengi wenu mnafanya hivyo. Lakini pipi inayorushwa dirishani humfundisha mtoto kwamba kusimama njiani kuna malipo kuliko kwenda shule, humleta mbele ya magurudumu, na karatasi yake hubaki pale pale. Wamaasai wanaishi ndani ya eneo lile kwa mpango uliowekwa tangu mwaka 1959, nao ni wenyeji wenye heshima zao, na wageni ni sisi. Tulipiga simu kwanza katika msikiti mmoja wa Karatu, tukauliza kuna upungufu wa nini. Tulidhani wangesema nguo. Wakasema juzuu za watoto wa madrasa na blanketi kwa wazee wawili. Hivyo ndivyo tulivyobeba, na mabegi yalirudi mepesi.

Blanketi la tatu alipewa dereva, yule yule wa mara ya kwanza. Bibi alikuwa amelinunua mwenyewe bila kutuambia.

Taka zetu za siku mbili zilijaa kopo moja la maziwa ya unga, na tulilishusha Karatu mjini. Sweta sita na mizula mitatu zimefuliwa, zimo kabatini na karafuu dhidi ya nondo. Familia moja ya mtaa wetu imeshaziomba kwa Julai. Mwenye safari ya Agosti atuandikie mapema, na ataje umri wa watoto.

Wassalaam.